Toleo Jipya, Ndosho

Mega za wiki nzima
nimezimaliza usiku mmoja kushusha maktaba,
umeme ukikatika mara mbili,
kaka Muhindo akinigawia mtandao wa simu yake shingo upande.

Asubuhi: maonyo arobaini na moja.
Kitufe cha kuagiza jibini kimenuna.
Njia niliyoizoea haipo, wameandika tu:
imeondolewa, tumia mpya.

Sikulia. Nyumba yetu tumeijenga juu ya nyumba;
chini ya sakafu, ndani ya jiwe jeusi,
liko jiko la bibi, na mlango ungali na kufuli.
Sisi tukiambiwa anzeni upya
tunauliza nyundo iko wapi.

Mama Kavugho anapiga: jibini kumi za Masisi
zimefika Sake, wateja hawaoni kitu.
Ngoja, mama.

Nafuta. Naandika. Nafuta.

Saa nane kitufe kinakubali. La kwanza limeuzwa.

Ndipo nasoma orodha ya mabadiliko mpaka chini,
kifungu cha mia tatu na sita:
mtandao ukikatika, yaliyoandikwa yasipotee.
Nilikituma mwezi wa tatu, gizani, bila kungoja jibu.

Shukrani kwa Kaindo, wameandika.

Herufi moja imeanguka njiani.
Nitawatumia.