Namna ya Kuwasha Karabai

Kabla ya mwanga, giza.
Wanafunzi wangu hawapendi kusikia hilo, wanataka kuanza na mng'ao,
lakini mng'ao juu ya mchana ni doa la mafuta tu
kwenye shati jeupe.

Picha aliileta Bi. Mbuke, ndani ya simu yenye ufa.
Alipanda ngazi zetu hapa Makoroboi hadi ghorofa ya pili,
akipumzika kila kona.
Mumewe, Magesa, mwaloni Igombe, saa kumi jioni:
fulana ya kijani, mguu mmoja majini,
karabai mkononi, haijawashwa,
uso umekunjwa kwa jua.

"Iwashe," akasema,
kama mtu anayeazima kiberiti.

Nikalishusha jua. Njano kwanza, kisha nyekundu.
Bluu nikaiacha, maana usiku wa ziwani si mweusi,
mweusi ni wa chumbani.
Nikayazima mabati ya mwalo, bati moja moja.
Nikawazima dagaa mkekani, waliokuwa wakimeta kama sindano.
Nikafuta kivuli kirefu kilicholala mchangani mbele yake,
kwa kuwa usiku hauna jua la kukitengeneza.

Ndipo nikanakili tabaka,
nikalitia ukungu, pikseli arobaini,
nikaliamuru lijumlishe tu, lisitoe:
penye mng'ao liongeze,
penye weusi lipite kimya.
Tabaka jingine, ukungu mpana zaidi,
mpaka mwanga ukavuja nje ya kioo cha taa,
ukashika vidole, ukapanda kidevuni,
ukaenda kugusa maji kwa brashi laini
niliyoivuta huku nimebana pumzi.

Nikajisifu. Sikusema, ila kiti kiliyumba.

Bi. Mbuke akasogeza miwani.
"Umemfanya malaika wa kalenda.
Huyu alikuwa anadaiwa na watu wanne.
Punguza. Mafuta ya taa aliyapima kwa kizibo."
Nikapunguza.
"Na weupe huo ni wa sola. Sola hakuiwahi."
Nikatia njano, na chembe ya kijani pembezoni,
kijani cha utambi unaokaribia kuchoka.
"Punguza tena."
Kwenye asilimia thelathini na moja akanyamaza,
nikajua hapo ndipo alipokuwa mtu.

Nikamtahadharisha kuhusu uso: anakunja macho
kwa jua ambalo nimeshaliondoa.
"Mwache. Karabai nayo ilimchoma macho miaka kumi na tisa."

Kisha kidole chake kikashuka kwenye skrini,
chini, mchangani, kikapapasa.
"Hapa palikuwa na kitu."
Kivuli, nikasema. Nimekisafisha.
"Kivuli cha nani?"

Nikafungua ile ya mwanzo.
Kirefu, chembamba, viwiko vimeinuliwa,
fundo la kilemba kichwani,
na ubavuni nundu ndogo, kichwa cha mtoto mgongoni.
Aliyeshika simu.

"Hatukuwahi kupiga pamoja," akasema. "Ni hiyo tu."

Nikakirudisha.
Fundi yeyote atanicheka: kivuli cha jua katikati ya usiku,
tena kinaiendea taa badala ya kuikimbia.
Nikakilainisha kingo, nikakitia ubluu kidogo,
miguu ya Magesa nikaiacha ikanyage palepale ilipokanyaga,
penye paji la uso la kivuli.
Matabaka yangu yote huyapa namba.
Hilo nililiandika Mbuke.

Printa ikaguna, ikatoa karatasi yenye joto.
Akaishika kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani,
kwenye kelele za wauza vitenge na vumbi la saa saba,
akaitazama muda mrefu kuliko nilioutumia kuitengeneza.

"Shilingi ngapi?"
Elfu saba, mama.
"Punguza."
Nikapunguza.