Mgeni Njoo

Szeged, mwezi wa pili. Mto Tisza umeganda kandokando,
nami nafungua maabara kwa ufunguo wa baridi
unaouma vidole kama meno ya panya.
Samaki mia tatu wananijua kwa mlio wa viatu.
Nawalisha kwanza. Sayansi baadaye.

Kisha nachukua kichanga mmoja wa siku nne,
mfupi kuliko punje ya mchele, angavu kama ukucha,
namlaza ubavu chini ya hadubini
na kumwomba radhi kwa Kihungari,
lugha asiyo na haja nayo.
Si dini. Ni mazoea.

Jana nilimwogesha maji yenye rangi nyekundu.
Leo kichwani mwake mna nukta:
nne, sita, kumi na moja,
na kila nukta inatembea.

Hawa si wenyeji.
Neva zilizaliwa humo humo, zimerithi kiwanja.
Hawa walianzia nje, kwenye kiini cha yai,
kabla uboho haujajua kupika damu,
wakashika njia bila ramani wala barua ya mwaliko,
wakaukuta ubongo ungali ua lisilo na lango.
Nani aliwaita?
Wafu, asema Daktari Vendel, mdomo umejaa mkate.
Seli zifazo changa (maana hata ujenzi una maiti zake)
hutoa kitu mfano wa harufu, na harufu ni mbiu.
Walikuja mazishini, wakabaki.

Namtazama mmoja. Nimempa jina Bodza,
ua jeupe la vichakani, ila sijaliandika popote.
Ananyoosha mkono, anaurudisha, ananyoosha mwingine,
anapapasa, anapapasa.
Vitabu nilivyosomea viliiita hali hii kupumzika.
Aliyeandika hivyo hakuwahi kulea mtoto mchanga.

Anafika pale neva mbili zinaposhikana.
Anapagusa. Anangoja. Nahesabu dakika tatu na nusu.
Kiungo kinachonena, anakiacha.
Kile kilichonyamaza siku nyingi, anakimeza,
bila hasira,
kama mtu afutaye meza baada ya wageni.

Nyumbani, Zselyke ana miaka kumi na mitano.
Juzi nilimwuliza yale maneno ya Kislovakia
aliyofundishwa na mama yangu, naye hajatimiza miaka mitano:
kijiko, theluji, kunguru, njoo.
Alikuwa akiyataja kwa mpangilio huo huo, kila usiku,
kama anayehesabu kondoo wake wanne.
Akainua bega moja. Sikumbuki, mama.
Nikaenda jikoni, nikafungulia bomba, maji yasiyo na kazi.

Aliponifuata alikuwa na upanga wa mchezo mkononi.
Tazama, akasema.
Hatua, hatua, kifundo cha mkono, ncha.
Miezi minane nyuma mwili huo huo
ulikuwa na njia mia za kufika pale
na kila njia ilimpoteza.
Sasa imebaki moja,
na ncha ilitua kwenye taulo la sahani
kabla sijaiona ikitoka.

Najua, najua: walinzi nao huzeeka.
Siku moja mlinzi husahau sura ya mwizi
akaanza kuvunja milango ya majirani.
Hilo limo kwenye friji za ghorofa ya chini,
kazi ya watu wenye subira kuliko yangu.
Mimi ni wa siku nne.

Nimemrudisha Bodza, na kichwa kilichombeba, majini.
Nimeandika: kumi na moja, hai, wanatembea.

Asubuhi paka wa jirani, mzee Kálnoki,
alikaa kwenye theluji ya ngazi zetu, mkia umefura.
Zselyke akachuchumaa, kiatu kimoja mguuni,
akamnyooshea mkono.
Poď, akamwambia. Poď.
Hakujua alilitoa wapi.
Sikumwambia.
Nilishika mlango wazi, baridi yote ikaingia,
na paka naye akaingia.