Habu ya Kushoto

Bi Somoe Chilumba alikuja amevutwa na trekta la chama,
ndani ya Hailaksi nyeupe iliyogeuka rangi ya salfa,
na maelezo yake yalikuwa maneno mawili:
"Halivuti mbele."

Baadaye akaongeza. Ni mchanga wa kuelekea Mahuta,
magunia ishirini na mawili ya korosho, mnada keshokutwa.
"Nimeingiza foo-wili, taa ikawaka kijani.
Nikakanyaga. Tairi za nyuma zikachimba kaburi,
za mbele zikasimama zikitazama
kama shemeji siku ya kulima."

Taa mimi siiamini.
Taa inajua kwamba mkono umesukuma kijiti, basi.
Haijui kama kuna kilichofika.
Mtu akikuitikia "naam" toka chumbani
hujui kama ameamka.

Nandonde, aliyenifunza kazi kule Nachingwea,
alikuwa mlevi, na spana yangu ya kumi na saba alikufa nayo.
Lakini aliniachia hii, ya kukariri chini ya gari:

    Usianze kufungua, kabla hujalisikiza,
    Gurudumu kuinua, taratibu kuchunguza,
    Chuma kitakuambia, nani anayekucheza,
    Na ukiisha kujua, ndipo nati kulegeza.

Basi. Mbele jeki mbili, nyuma magogo ya mkorosho.
Chitanda akapanda, akaingiza gia ndogo,
akaachia klachi kama mtu anayeweka mtoto kitandani.
Nikalala chini ya tumbo la gari na tochi mdomoni.

Shafti ya mbele inazunguka.
Gia boksi nikaisamehe.
Krosi zinacheza kidogo, ni uzee, si ugonjwa.
Difu inanguruma, oili ipo.
Na tairi mbili za mbele, kimya.

Nikasogeza sikio kulia: hakuna kitu.
Nikasogeza sikio kushoto:
tik, tik, tik,
meno yanagusana na kuachana,
ekseli inazunguka peke yake ndani ya habu
kama ufunguo kwenye kitasa kilichokufa.

Hivi ndivyo difu ilivyoumbwa:
nguvu humpa asiyebeba kitu.
Wa kulia alikuwa mzima, meno yote, grisi safi,
amejifunga barabara, anangoja,
na hakupata hata robo ya mzunguko
kwa sababu mwenzake wa ng'ambo alikuwa anateleza bure.
Nimeishi kwenye nyumba ya namna hiyo.
Tuendelee.

Boliti sita. Ya tano ilikataa, nikaipiga, ikakubali.
Kifuniko kikatoka na uji mweusi wa grisi na mchanga,
Chitanda akauosha kwa petroli ndani ya kopo la maziwa,
na kilichobaki chini ya kopo
kilikuwa springi. Lakini si springi yake.
Ni spoki ya baiskeli, imeviringishwa kwa mkono kwenye shingo ya chupa,
imechoka, imelala, haisukumi tena chochote.

"Nani alifanya uchafu huu?" akauliza Chitanda.

Nikaigeuza juani.
Ncha yake imekunjwa kwa ndani, ndogo, kama sikio la panya.
Najua mtu mmoja tu anayekunja ncha hivyo.
Ilikuwa masika, daraja limekatika,
spea haipo Masasi, haipo Newala,
na nilimwambia mwenye gari: itakufikisha Jumatano.
Imemfikisha miaka saba.

"Fundi mmoja," nikasema, "wa hapahapa Tandahimba.
Alikuwa na haraka."

Bi Somoe alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba
anamenya muhogo wa kuchoma.
Hakuinua macho.

"Na alinitoza elfu arobaini," akasema.