Chupa Thelathini na Moja

Umeniandikia, Bwana Lusambo, kutoka Kigoma mjini,
kwamba divai yangu ni nyepesi,
kwamba ukiinua glasi dirishani
unaziona boti za Kibirizi ng'ambo yake,
na wateja wako wanataka nyeusi, nzito, tamu,
iwashike bega kama shemeji aliyelewa.

Ni kweli. Zinaonekana.

Nitakujibu polepole, maana
zabibu zenyewe mwaka huu zilinijibu polepole.

Huku Heru Juu jua lilikuja kama mdaiwa:
linachungulia, linaona watu, linarudi.
Ukungu ulilala migombani hadi saa nne,
wanafunzi walivaa sweta juu ya sweta,
kahawa ya Bitaliho ikasahau kuwa nyekundu,
na maharage, sitaki kuyasema maharage.
Mizabibu mia na kumi na mbili,
mteremko mmoja wa kokoto,
unaopata jua la asubuhi na kunyimwa la jioni.
Mwezi wa tano, kijani.
Wa sita, kijani.
Wa saba, punje moja katika kichala kimoja
ikaona haya, upande mmoja tu.

Nyanzira akasema: kata, lisha mbuzi.
Nikasema: nangoja.
Akasema: unangoja nini?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na wavu wa dagaa uliochanika,
nikautandaza juu ya mizabibu
ili shore wasinitangulie.

Tulichuma Jumanne. Tarehe sikuandika.
Mkasi ulinikata na sikusikia, kwa baridi.
Vichala vidogo, kama ngumi ya mtoto
aliyekataa kuonyesha alichoficha.
Bitaliho akaosha miguu kwa sabuni ya mawese,
akaosha tena, nikamkagua kucha,
akaingia pipani akipiga mayowe.

Kisha siku nne, kimya.
Pipa halikuchemka, halikupumua.
Nikalizungushia blanketi langu,
mimi nikalala na kanga mbili,
na usiku wa tano nikasikia:
tss,
kama mtu anayezuia kicheko msibani.

Sasa unasema niongeze sukari.
Unasema nichanganye na ile ya Dodoma
ipate mwili, nami nipate kreti arobaini.
Bwana Lusambo, nikitia sukari
nitakuwa nimeufuta mwezi wa sita.
Nikichanganya,
yule shore aliyepenya wavu,
blanketi, vidole vyangu,
vitakwenda wapi?
Mwaka wa jua utakuja. Divai yake utaipenda,
nitakuuzia bila maneno mengi.
Hii siyo.
Hii inanuka jembe lililotoka udongoni alfajiri,
na forosadi zilizochumwa mapema kuliko zilivyotaka,
na ina ukali mdogo pembeni mwa ulimi,
kama shangazi akikuita kwa jina lako la ubatizo.

Hesabu ni hii.
Moja ilipasuka.
Moja alichukua Nyanzira; alikunywa, akanyamaza,
akarudisha chupa imeoshwa.
Padri alipewa mbili za misa,
akaja kuomba ya tatu bila kutaja misa.
Moja unayo wewe.
Zimebaki ishirini na tano, chini ya kitanda changu,
na hakuna mlima mwingine wa kuziongeza.

Hiyo uliyo nayo usiimwage.
Kesho amka mapema, nunua mgebuka mmoja,
uchome kwa chumvi peke yake,
ukae pale pale dirishani.
Meza kwanza samaki. Kisha inua glasi.
Kama bado unaziona boti,
vizuri.
Nilitaka uzione.