Mapacha wa Kizota

Gaudensi wa yadi anafuta boneti kwa kitambaa,
kisha anafuta ya pili kwa kitambaa kilekile.
Trekta moja jekundu, moja la buluu.
Jekundu, nguvu za farasi ishirini na nne.
La buluu, ishirini na tano.
"Huyo farasi wa ziada," namuuliza, "anakula nini?"
Anacheka. Kipeperushi hakina jibu.

Nimekuja na kamba ya katani kutoka Hombolo,
fundo huku, fundo kule:
upana wa njia kati ya mistari ya zabibu zangu.
Nainama mbele ya jekundu: linapita.
Nainama mbele ya la buluu: linapita,
na chenji ya vidole viwili kila upande.
Vidole vilevile.
Hata kamba imekataa kuniamulia.

Ekari tano na robo, Gaudensi, si shamba la serikali.
Moja na nusu zabibu, tatu alizeti,
kilichobaki ni uwele
na kichuguu alichokizunguka mume wangu miaka kumi na tisa
na mimi bado nakizunguka.
Sitaki trekta la kunizidi akili.
Nataka la kugeuka pale kichuguuni
bila kuning'olea nguzo.

Nilikuwa na maksai wawili, wote wa kijivu,
wote pembe za kutazama juu.
Dalali wa mnadani alishindwa kujua yupi ni yupi.
Mimi niliwajua hata gizani:
mmoja hapendi kugeuka kulia,
mwingine husimama akisikia mtoto analia.
Hayo sikuyaona siku ya kuwanunua.
Niliyajua msimu wa tatu, nira shingoni,
tope likiwa magotini, langu na lao.
Juma lililopita nimewauza.
Ndizo hizi noti kwenye mfuko wa unga,
bado zinanuka zizi.

Kwa hiyo nauliza:
"Lipi kati ya haya halipendi kugeuka kulia?"
"Mama," anasema Gaudensi, "hizi ni mashine."
Ndahani, fundi wangu, aliyenyamaza tangu stendi,
analala chali chini ya jekundu,
kisha chini ya la buluu,
anatoka na vumbi kisogoni na neno moja:
"Spana."

Nati ya kumwagia oili ya jekundu, namba kumi na tisa.
Ya la buluu, ishirini na moja.
Kumi na tisa ninayo.
Inaning'inia msumarini nyuma ya mlango
tangu mwenyewe alipofariki.
Ilifungua baiskeli, ilifungua pampu ya kisima,
ilikaza kitanda chetu.
Msinicheke.
Kuna walioolewa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nimelipa. Nimepewa risiti. Nimepewa na kofia.

Mvua mwaka ule ilikuja kama mdaiwa,
imechelewa na imepungua.
Jekundu lililima. Liligeuka kulia, liligeuka kushoto.
Gia ya pili ilikwaruza asubuhi
kama mtu anayetafuta jina la mgeni.

Ng'ambo ya mpaka, jirani yangu Mlewa
akawa amenunua la buluu.
Mifereji yake imenyooka kama yangu.
Alizeti yake inafika kifuani kama yangu.
Alfajiri nalisikia lake likiwaka kwa mara moja tu,
wakati langu linakohoa mara mbili ndipo linakubali.
Nasimama na kikombe cha chai, nasikiliza,
kama mke anayesikiliza kicheko cha nyumba ya pili.

Jana jioni Mlewa akavuka mpaka,
akagonga tairi langu kwa kisigino, akaliacha.
"Mama Nyemo," akaniuliza, "hili walikuuzia shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Naye akanitajia ya lake.
Tukanyamaza, kila mmoja akipiga hesabu usoni mwa mwenzake.
Tofauti ilikuwa magunia mawili ya alizeti.
Hatukusema ya nani.