Milimita Tatu

Mabomba mawili juu ya gunia, karakana ya Ndahani, Kizota.
Moja la dukani, linang'aa kama kijiko cha harusi,
limepanda basi kutoka Dar likiwa limevikwa gazeti.
La pili amelichoma mwenyewe
kwa bati la mtungi wa gesi ya friji:
koni mbili zimegusana matumbo,
mshono wa weldi umepinda kama njia ya mbuzi.

Kigari changu pembeni, uchi, bila bodi,
injini yake ilitoka kwenye msumeno wa kukatia miti.
Damari hukiita "yule mtoto wako anayekula petroli".

Ndahani akifika kwenye bei
hazungumzi kama watu, hughani:

*Bomba fupi ni la mbio, uwanja uwe mrefu;*
*bomba refu kimbilio, penye kona tifutifu.*
*Usifuate kilio, kelele si utukufu;*
*fungua lako sikio, pesa yako ni pungufu.*

Pungufu kweli. Lakini sikio ninalo.

Watu hudhani bomba ni mlango wa kutokea tu.
Sivyo. Moshi ukifukuzwa hukimbia na sauti yake,
hutanuka tumboni, hugonga koni ya nyuma,
na sauti hugeuka, hurudi mbio,
iukute mlango ungali wazi kidogo,
iyarudishe ndani mafuta mabichi yaliyotaka kutoroka.
Ikiwahi mno, hasara.
Ikichelewa, imekuta watu wamelala.
Nilipuliza tarumbeta bendi ya kanisa miaka kumi na mmoja;
najua shaba haiimbi. Kinachoimba ni urefu.

Na uwanja wetu si wa watu wa mbio.
Nyuma ya ghala la alizeti, Nzuguni,
kona saba, moja inazunguka kichuguu,
vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno.
Chiduo wa Area D anatumia bomba fupi:
pale kwenye mnyoofu linalia hadi mbwa wanajibu,
watoto wanaruka, naye anatabasamu;
kwenye kichuguu injini inakosa pumzi,
gari linaduwaa, magurudumu yanatafuta neno.

Nikachukua lile lenye mshono uliopinda.

Limekuja refu kwa makusudi. Sasa ni kukata.
Milimita tatu, washa, endesha, sikiliza.
Milimita tatu tena.
Asubuhi limetulia; saa nane, jua limeshika bati,
mwangwi wa moto unakimbia kuliko wa baridi,
na bomba nililolipima saa mbili limekuwa bomba jingine.
Nikavumilia. Nikakata.
Jirani akauliza kama nimefukuzwa kazi.

Chuma hakina samahani.
Unga ukizidi maji unaongeza,
suruali fupi unashusha pindo,
hili ukilipitiliza unabaki na kipande kwenye kiganja,
chepesi, kizuri, hakikufai hata kwa pete.

Saa kumi na moja nikakizungusha uani mara nne.
Kwenye kona ya choo, pale kilipokuwa kinakohoa,
kikavuta. Bila kelele.
Kama mtu anayekunja mikono ya shati.

Damari alikuwa anaanua nguo,
pini mbili za kamba mdomoni.
Akazitoa.
"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiguse tena."

Huyu aliimba sauti ya pili, safu ya mbele,
miaka yote ile mimi nikiwa nyuma yake napuliza;
ndiye aliyekuwa akigeuka
nikipanda nusu ya sauti, bila kunitazama usoni,
akatazama viatu vyangu tu.

Nimeweka msumeno chini.
Lakini nilishachora alama ya mkato unaofuata,
penseli, milimita tatu kutoka ukingoni,
na kila nikipita nainama kuitazama.
Nimeisugua kwa kidole.
Haifutiki vizuri.