Chumba cha Makoti

Nilijua tarehe. Nilijua aliyepiga besi
Jumanne ile ya mwaka hamsini na saba, na aliyeugua,
na aliyeitwa dakika ya mwisho kushika nafasi yake,
na rangi ya karatasi katikati ya santuri
ikiwa chapa ya kwanza, ikiwa ya pili.
Mia nne na kumi na mbili, nimezipanga kwa alfabeti
katika chumba juu ya duka la dobi, Pittsburgh,
na nikiulizwa ninapenda nini
nilijibu kwa majina,
kama mtoto anayekariri sura asiyoijua tafsiri.

Bi Vernell Tibbs alipokea makoti
miaka thelathini na mmoja katika Klabu ya Taa Kijani.
Hakukaa ukumbini hata usiku mmoja.
Kati yake na jukwaa palikuwa na ukuta wa matofali,
na ukuta, alisema, ni mchoyo:
hula tarumbeta, humeza nusu ya piano,
hubakiza besi, na mguu wa mpiga ngoma,
na makofi, yakichelewa.
“Mimi jazi naijua kwa nyayo, Dorsey.
Uso wa mtu siujui. Najua anavyotembea.”

Nilimwekea santuri yangu ya thamani kuliko zote,
niliyoifuata Cleveland kwa basi, theluji ikianguka,
nikailipia kodi ya mwezi mzima.
Alisikiliza akimenya chungwa.
Upande ulipokwisha akauliza:
“Nani aliogopa?”

Nikamtajia tarehe.

“Sikuuliza lini.”

Kipupwe chote aliniruhusu besi tu.
Rudisha sindano. Tena. Tena.
Nilimchukia kidogo, nakiri.
Langu lilikuwa sikio la kufa, dawa inamwagikia begani.

Kisha Februari, bomba la maji limeganda,
niko jikoni nayeyusha theluji kwenye sufuria,
santuri inajichezea chumba cha pili, mlango umefungwa,
na kupitia ubao wa mlango
nikamsikia mtu wa besi akingoja.
Hakunyamaza. Alingoja,
kama mwenye nyumba anavyoshikilia mlango wazi
mgeni akipapasa ngazi gizani;
na mpiga saksafoni, niliyemsifu miaka yote kwa ujasiri,
alikuwa amepotea. Mapigo kumi na sita, amepotea,
na mwenzake hakumwaibisha.
Akaingia. Wakaendelea kana kwamba walipatana.

Sufuria ikaungua.

Nilikimbia hadi kwa Bi Vernell bila koti, akacheka kwa hilo kwanza.
“Saksafoni,” nikasema.
“Na bado unampenda?”
“Zaidi.”
Akanipa kipande cha chungwa, kichungu kidogo.

Niliuza mia tatu. Hazikuwa mbaya;
tulikuwa hatujakutana, basi.

Ndipo akaniambia la kwake:
Machi moja, usiku mbili tu, alipita mpiga besi
aliyetembea kama mtu mwenye kijiwe kiatuni
asiyetaka kukitoa.
Jina hakulijua. Koti lake lilikuwa la kahawia, limetatuliwa kwapani.
Alilishona yeye, kimyakimya, wakati wa wimbo wa mwisho.

Kwa hiyo tarehe zangu zimepata kazi.
Kila Jumapili naleta santuri moja,
nageuza kiti kielekee ukutani, naweka sindano.
Anafumba macho. Vidole vyake vinatafuta uzi.

“Siye,” anasema. “Lakini huyu naye,
hebu mwache amalize.”